UZI: Leseni ya udereva Ohio kwa watu wazima – nyaraka, mtihani wa nadharia, koni tano na barabarani

Mwalimu_wa_Usukani

Habari za jioni wadau. Maswali ya leseni ya Ohio yanajirudia kila wiki, na mengi yanajibiwa kwa sheria za Texas au Kentucky. Marekani haina leseni moja ya nchi nzima. Kila jimbo lina ofisi yake, mtihani wake na alama zake za kufaulu, kwa hiyo ushauri wa shemeji aliyeko Houston unaweza kukupoteza kabisa ukiwa Dayton. Huu uzi ni wa Ohio tu.

Nianze na jambo linalowaangusha madereva wetu wazoefu. Mtahini anaandika kile anachokiona. Ukitazama kioo kwa macho bila kichwa kusogea, kwake hukutazama. Ukifika kwenye alama ya STOP gari likapunguza mwendo hadi karibu na sifuri, halafu ukaendelea, kwake hukusimama. Mtu ameendesha lori Mombasa hadi Kigali miaka kumi, anaanguka kwa sababu hizo mbili tu, huku binti aliyejifunza juzi anafaulu. Kwa hiyo jiandae kuonekana ukifanya kila kitu.

Ofisi husika inaitwa BMV (Bureau of Motor Vehicles, ofisi ya jimbo ya magari na leseni), na ina milango miwili ambayo watu huichanganya. Mlango wa kwanza ni kituo cha mitihani, mahali pa nadharia na udereva. Mlango wa pili ni wakala wa leseni, bango lake limeandikwa Deputy Registrar. Hapo ndipo unapopeleka nyaraka, unapimwa macho, unalipa ada na unapigwa picha. Mara nyingi ni majengo tofauti, na ukienda kwa wakala kuomba kufanya mtihani wa barabarani utaambiwa ugeuke.

Mpangilio uko hivi kwa mtu mzima:

Kwanza nadharia, maswali 40 ya kuchagua jibu. Unatakiwa upate 30, yaani asilimia 75. Unaweza kufanyia kituoni au mtandaoni kupitia tovuti ya BMV. Ukishindwa, unasubiri saa 24 ndipo ujaribu tena. Ukifaulu unakwenda kwa wakala na nyaraka zako, unapewa TIPIC, ambayo ndiyo lena ya hapa, yaani kibali cha kujifunzia. Inadumu mwaka mmoja. Baada ya hapo unafanya mazoezi ukiwa na mtu mwenye leseni halali, umri wake miaka 21 au zaidi, amekaa kiti cha mbele pembeni yako, na kila mtu ndani ya gari amefunga mkanda. Halafu unapanga miadi ya mtihani wa udereva, wenye sehemu mbili: koni (kuliongoza gari kati ya koni tano, mbele na rivasi) na barabara. Zote mbili lazima ufaulu.

Umri ni jambo la kuangalia mapema. Tangu mwishoni mwa Septemba 2025, aliye chini ya miaka 21 anatakiwa amalize kozi kamili ya shule ya udereva: saa 24 za darasa na saa 8 za kuendesha na mwalimu. Kabla ya hapo sharti hilo liliwahusu walio chini ya 18 tu, ndiyo maana majibu ya zamani yanawapotosha vijana wa miaka 18 hadi 20.

Aliyefikisha 21 anaweza kwenda moja kwa moja kwenye mtihani bila shule. Lakini sikilizeni vizuri: ukianguka jaribio la kwanza la udereva, sheria inakudai kozi fupi ya watu wazima ya saa 4, pamoja na ama saa 4 za kuendesha na mwalimu wa shule, au saa 24 za mazoezi na mtu mzima mwenye leseni zinazothibitishwa kwa fomu ya kiapo. Ndipo urudi. Kwa hiyo jaribio la kwanza usilifanye la kubahatisha eti ukaone mtihani ulivyo. Lina gharama.

---

Nyota_ya_Kivu

Asante sana mwalimu. Naomba tuongee nyaraka kwa kina, kwa sababu ndugu wengi waliokuja kama wakimbizi wanarudishwa dirishani kabla hata ya kugusa usukani. Wakati mwingine karatasi zote wanazo.

---

Karani_wa_Zamani

Dada Nyota umegusa penyewe. Nitaeleza hapa.

Wakala anataka uthibitishe mambo matano: jina kamili la kisheria, tarehe ya kuzaliwa, namba ya Social Security (hifadhi ya jamii), uhalali wa kuwepo nchini, na anwani ya mtaa unapoishi Ohio. Karatasi moja inaweza kuthibitisha mambo zaidi ya moja. Green card (kadi ya ukaazi wa kudumu), kwa mfano, inabeba jina, tarehe na uhalali. Mkimbizi ambaye hajapata green card hutumia I-94 yake (rekodi ya kuingia nchini) au kadi ya ruhusa ya kazi. Leteni karatasi halisi. Picha iliyoko kwenye simu haihesabiki.

Kinachowarudisha watu ni majina kutolingana. Ofisi inahakiki hadhi ya mgeni kupitia mfumo wa serikali kuu unaoitwa SAVE. Kama I-94 imeandika majina matatu na kadi ya Social Security ina mawili, au jina la ukoo limewekwa mwanzo upande mmoja na mwisho upande mwingine, mfumo hautoi jibu la papo hapo. Ombi linakwenda kukaguliwa na mtu, na wewe unarudi nyumbani kusubiri. Majina ya Kongo na Burundi yanaathirika sana, kwa sababu ndugu wa baba mmoja mama mmoja wanaweza kuwa na majina ya mwisho tofauti, na karani wa kambini aliandika alivyosikia.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda BMV, panga karatasi zako zote mezani, weka kidole kwenye jina, soma herufi kwa herufi. Kisha tarehe ya kuzaliwa. Wengi wameandikiwa 01/01, hilo halina shida ilimradi iwe hivyo hivyo kila mahali. Ukiona tofauti, anza kurekebisha Social Security, upe mfumo siku kadhaa usasishwe, ndipo uende BMV.

Anwani: kwa kadi ya kawaida uthibitisho mmoja unatosha. Kwa kadi ya Compliant, ile yenye nyota juu, unahitaji mbili kutoka vyanzo tofauti, mfano bili ya umeme na taarifa ya benki, au hati ya mshahara. Tangu tarehe 7 Mei 2025 kadi ya kawaida pekee haikutoshi kwenye ukaguzi wa ndege za ndani ya Marekani. Utahitaji Compliant au kitambulisho kingine kinachokubalika kama pasipoti au green card. Maadamu unapanga foleni ile ile, chukua Compliant.

Wageni wenye hadhi ya muda leseni yao inaisha pamoja na karatasi ya uhamiaji. Ukihuisha ruhusa ya kazi, ihuishe na leseni.

Na jambo la mwisho, ambalo ningependa kila mmoja alibandike ukutani. Dirishani unaweza kuulizwa kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Hiyo inatokana na sheria ya serikali kuu ya mwaka 1993 inayounganisha ofisi za leseni na daftari la wapiga kura. Kama wewe si raia wa Marekani, jibu ni HAPANA, hata kama una green card, hata kama karani anauliza haraka haraka na wewe umezoea kusema "yes" kwa kila kitu. Asiye raia akijiandikisha anaweza kunyimwa uraia baadaye, na anaweza hata kuingia kwenye matatizo ya kufukuzwa nchini. Swali lingine ni la kuchangia viungo vya mwili ukifariki. Hilo ni hiari yako, wala halina uhusiano na uhamiaji.

---

BabaBaraka

Mkuu shukrani. Je, leseni ya Kenya au Tanzania haibadilishwi moja kwa moja? Na hizi leseni za International zinazouzwa mtandaoni?

---

Karani_wa_Zamani

Haibadilishwi, Baba Baraka. Ya Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo, wote wanaanza na nadharia na kumalizia na koni. Aliyehama kutoka jimbo jingine la Marekani na leseni hai ndiye mwenye njia fupi, na ana siku 30 tangu awe mkazi wa Ohio.

Kibali cha kimataifa ni tafsiri tu ya leseni yako ya nyumbani, na kinatolewa katika nchi iliyokupa leseni hiyo. Kenya kinatolewa na AA Kenya, Tanzania na chama cha magari cha AAT. Zile kadi za plastiki zinazouzwa kwenye Facebook na WhatsApp kwa mtu aliye tayari Marekani ni utapeli. Polisi akiishika ni kama hujamwonyesha kitu.

---

DadaAkinyi

Na macho je? Kuna mama mmoja amekataa kwenda kwa sababu anavaa miwani.

---

Karani_wa_Zamani

Aende na miwani yake. Anatazama ndani ya kifaa, anasoma mstari wa herufi au namba, anaonyeshwa na taa za pembeni. Uoni wa 20/40 unampa leseni isiyo na kizuizi. Akiwa kati ya hapo na 20/70 anaweza kupewa ya mchana tu. Akifaulu kwa miwani, leseni itaandikwa kwamba lazima aivae anapoendesha, basi. Akishindwa, anaandikiwa fomu ya kumpelekea daktari wa macho.

---

MzeeWaLindi

Vijana wangu, mimi naomba niseme ya nadharia, maana watu wanakariri majibu ya kwenye YouTube ya jimbo jingine. Kitabu chenyewe kinaitwa Digest of Ohio Motor Vehicle Laws, kinapatikana bure tovuti ya BMV. Soma hicho. Maswali yanapenda namba, na namba zenyewe ni za futi na maili, kwa hiyo jizoezeni: futi 10 ni mita tatu hivi, maili 25 kwa saa ni kama kilomita 40.

Kupaki: si chini ya futi 10 kutoka bomba la zimamoto, futi 20 kutoka kivuko cha waenda kwa miguu kwenye makutano, futi 30 kutoka alama ya STOP, futi 50 kutoka reli. Tairi lisizidi inchi 12 kutoka ukingo wa barabara. Indiketa: washa angalau futi 100 kabla ya kugeuka.

Mwendo, kwa maili kwa saa: 20 eneo la shule katika muda uliowekwa, 25 mitaa ya mjini, 15 kwenye vichochoro, 55 barabara za jimbo nje ya mji kama hakuna bango jingine. Barabara kuu za vijijini zinafika 70.

Basi la shule linawatoa jasho wengi, na kwenye mtihani linakuja bila kukosa. Basi likisimama na taa nyekundu zinamweka: barabara ikiwa na njia chini ya nne, pande zote mbili zinasimama, anayelifuata na anayekutana nalo. Ikiwa na njia nne au zaidi, wanasimama wanaokwenda upande mmoja na basi tu. Unasimama si chini ya futi 10, na huondoki mpaka basi lianze kwenda au dereva wake akupe ishara.

Treni: ukitakiwa kusimama, simama kati ya futi 15 na futi 50 kutoka reli ya karibu.

Rangi za mistari, hapa tofauti na nyumbani. Tanzania mstari wa katikati umezoeleka kuwa mweupe. Huku mstari wa NJANO ndio unaotenganisha magari yanayokutana, na mweupe unatenganisha njia zinazokwenda upande mmoja. Ukiona njano iko kulia kwako, uko upande wa magari yanayokuja. Toka haraka.

Maumbo: pembe nane ni STOP, pembetatu iliyopinduliwa ni kumpisha mwingine, duara la njano ni reli iko mbele, umbo la pembe tano ni shule, almasi ni tahadhari, rangi ya chungwa ni ujenzi. Kibendera cha njano upande wa kushoto wa barabara kinakataza ku-overteki. Ishara za mkono nazo zinaulizwa: mkono wa kushoto umenyooka ni kushoto, umekunjwa juu ni kulia, umeelekea chini ni kupunguza au kusimama.

Pombe kwenye damu: asilimia 0.08 kwa mtu mzima, 0.02 kwa aliye chini ya 21. Simu: tangu Aprili 2023 hairuhusiwi kuishika unapoendesha, na polisi anaweza kukusimamisha kwa hilo peke yake. Alama za makosa zikifika 12 ndani ya miaka miwili, leseni inafungiwa miezi sita. Waipa zikiwa zinafanya kazi kwa sababu ya mvua au theluji, taa za mbele ziwe zimewaka.

---

Nyota_ya_Kivu

Mzee wetu Mungu akuzidishie. Na anayesoma Kiswahili au Kifaransa tu?

---

MzeeWaLindi

Mwanangu, lugha ya nadharia inachaguliwa mwanzoni mwa mtihani, kwa hiyo piga simu kituoni kabla ya kupanga siku, uliza lugha zilizopo. Kwenye udereva mtahini anatoa maelekezo kwa Kiingereza, lakini ni machache na yanajirudia. "Turn left at the light", geuka kushoto kwenye taa. "At the next stop sign, turn right", STOP inayofuata geuka kulia. "Change lanes", hamia njia nyingine. "Pull over", sogea pembeni usimame. "Back up straight", rudi nyuma umenyooka. Anayekufundisha akupe amri hizo kwa Kiingereza kila siku ya mazoezi, mpaka mguu na mkono viitikie bila kutafsiri kichwani. Usipoelewa, uliza kabla ya kugeuka. Kuuliza hakukatwi alama.

---

Mwalimu_wa_Usukani

Sasa koni. Baadhi ya majimbo yanataka upaki sambamba katikati ya magari mawili. Ohio ina zoezi lake, na hapa ndipo wengi wanapoangukia.

Vipimo: koni nne zinafanya sanduku lenye upana wa futi 9 na urefu wa futi 20, yaani mita 2.74 kwa 6.1. Koni ya tano inasimama peke yake, futi 20 mbele ya sanduku, katikati. Saluni ya kawaida ina upana wa kama futi 6, kwa hiyo ukiwa ndani ya sanduku una nafasi ya futi moja na nusu kila upande. Si ndogo kama inavyoonekana, ila haikuruhusu kukurupuka.

Awamu ya kwanza: unapita ndani ya sanduku kwenda mbele, unaikwepa koni ya tano kulia au kushoto kama mtahini alivyokuelekeza, kisha unasimama bampa la nyuma likiwa usawa wa koni hiyo na gari limenyooka. Awamu ya pili: unarudi rivasi, unaipita koni ya tano, unaingia tena kwenye sanduku, unalinyoosha gari na kusimama bampa la mbele likiwa usawa wa koni mbili za nyuma.

Alama zinakatwa kwa kusimama ili kupima hali, kugusa koni, kukosea mahali pa kusimama, na kumaliza ukiwa umekaa mshazari. Kuiangusha koni au kuikanyaga ni kuanguka papo hapo. Kwa hiyo mbinu ya "simama, chungulia, sogea kidogo, simama" inakula alama. Unachotaka ni mwendo wa kutambaa bila kukatika: mguu juu ya breki, unaiachia kidogo kidogo, mafuta huyagusi. Gari la automatiki linajivuta lenyewe.

Tuseme umeambiwa kulia. Kosa la kwanza ni kukata usukani mapema. Tairi za nyuma hazifuati njia ya zile za mbele, zinakata kona kwa ndani. Ukikata kulia wakati mlango wako bado uko ndani ya sanduku, ubavu wa nyuma kulia utaisomba koni ya mbele kulia. Subiri bega lako lipite mstari wa koni za mbele, ndipo ukate. Kosa la pili linakuja sekunde chache baadaye: ukirudisha usukani kushoto mapema ili kunyooka, tairi la nyuma kushoto linavutwa kuelekea koni ya tano. Acha gari litoke pembeni vya kutosha, tazama koni kwenye kioo cha kushoto, nyoosha pole pole.

Rivasi: geuza kiwiliwili, mkono wa kulia nyuma ya kiti cha abiria, tazama kupitia kioo kikubwa cha nyuma. Vioo vya pembeni na kamera viwe vya kuhakikisha tu. Anayejifunza kwa kutegemea kamera peke yake anakosa alama za utazamaji, na kamera haionyeshi pua ya gari, ambayo ndiyo inayogonga mwishoni. Rudi umenyooka mpaka tairi la nyuma lipite koni ya tano. Kabla ya hapo usikate, kwa sababu kipande cha gari kilicho nyuma ya tairi hilo kinaweza kuisogelea koni. Likishapita, kata kushoto kwa utaratibu, lenga katikati ya koni mbili za nyuma kabisa unazoziona kwa mbali. Watu wengi wanaangalia koni ya karibu wanayoiogopa, na gari linaifuata hiyo hiyo. Nyuma ya gari ikianza kuingia mlangoni, rudisha usukani kulia. Ukichelewa kurudisha, nyuma itakuwa imekaa sawa lakini pua itakuwa bado inazunguka, na kona ya mbele itagusa koni.

Mazoezi: nunua futi kamba ya dola chache, ndoo tano, na fimbo za ufagio uzisimamishe ndani ya ndoo ili uzione kutoka kioo cha nyuma. Omba ruhusa uwanja wa kanisa au msikiti siku ambayo hauna watu. Pima kweli, usikadirie kwa hatua. Fanya kulia na kushoto kwa idadi sawa, kwa sababu hujui utapewa upande gani, na karibu kila mtu ana upande mmoja anaouchukia. Anza na huo.

Na tumia gari lile lile utakalofanyia mtihani. Ukizoea Corolla ukapewa van ya binamu siku ya mtihani, alama zote ulizoshika za kukatia usukani zinabadilika.

---

Fundi_Gereji

Naongezea upande wa gari, maana kuna watu wanarudishwa hata hawajawasha injini.

Gari unaleta mwenyewe, la kwako, la kuazima au la shule. Liwe na usajili hai na bima. Kabla ya kuondoka nyumbani, mtu asimame nyuma akague: taa zote mbili za breki, indiketa nne, honi. Balbu ya breki ni kitu cha dola chache, lakini ikiwa imeungua miadi yako imekwisha. Mikanda ifunge na kuachia. Milango yote ya mbele ifunguke kutoka ndani na nje. Kioo cha mbele kisiwe na ufa unaopita machoni pa dereva. Taa ya onyo kwenye dashibodi, kama ya breki au mikoba ya hewa, itengenezwe kabla.

Jifunze na vitufe: mtahini anaweza kukuomba umwonyeshe waipa, hazadi, taa za fulu na dimu, na kifaa cha kuondoa ukungu kwenye kioo. Kwenye gari la kuazima hapo ndipo mtu anabaki kupapasa.

Na msisahau: mwenye TIPIC haendi kituoni peke yake. Lazima mwenye leseni awe pembeni mpaka pale. Ukifika unaendesha mwenyewe bila mtu, umejichongea mbele ya watu wa sheria.

---

DadaAkinyi

Barabarani wanaangalia nini hasa? Wanaotoka nchi za kushoto wanaogopa kona.

---

Mwalimu_wa_Usukani

Dada Akinyi, ndugu zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi wana nafuu, nyumbani ni kulia vile vile. Wakenya, Watanzania na Waganda shida yao haiko kwenye barabara iliyonyooka yenye magari, kwa sababu unafuata wenzako. Shida iko kwenye kukata kushoto kuingia mtaa mtupu, na kutoka kwenye uwanja wa maegesho. Kipimo kimoja kinatosha: dereva awe daima karibu na mstari wa katikati, abiria awe karibu na ukingo. Ukikata kushoto, vuka mpaka upite mstari wa njano wa mtaa unaouingia. Kulia ni kona fupi, kushoto ni kona ndefu.

STOP: tairi zisimame kabisa, gari litulie, tazama kushoto, kulia, kushoto tena kwa kichwa. Mahali pa kusimama ni kabla ya mstari mweupe. Kama hakuna mstari, kabla ya kivuko. Kama hakuna hata hicho, pale unapoweza kuona magari ya barabara unayoingia kabla hujaiingia. Kama ukuta au mti unakuzuia, simama kwanza mahali panapotakiwa, ndipo usogee kidogo usimame tena.

Makutano ya STOP nne, nyumbani hatuna. Aliyefika kwanza anakwenda kwanza. Mkifika pamoja, wa kulia anapita. Usimpungie mwingine apite wakati zamu ni yako, inachanganya wote na mtahini anaiandika.

Taa nyekundu: kulia unaruhusiwa kukata ukishasimama kabisa na hakuna bango linalokataza, baada ya kuwapisha watembea kwa miguu na magari. Si lazima kukata. Ukiwa na wasiwasi, subiri kijani, hukatwi alama. Nyekundu inayomweka ichukulie kama STOP.

Kuhamia njia nyingine ndipo alama zinapotiririka. Utaratibu ni kioo cha ndani, indiketa, kioo cha pembeni, kisha kichwa kinageuka hadi begani kutazama upande ambao vioo havionyeshi, ndipo usogee. Kichwa kigeuke, macho peke yake hayaonekani. Halafu zima indiketa kama haijajizima.

Mwendo wa pole kupita kiasi nao ni kosa. Kwenye 35 ukitambaa na 22 huku magari yamejipanga nyuma, mtahini ataandika. Shikilia karibu na kiwango, shusha kwenye shule. Mikono yote miwili kwenye usukani, hakuna kiwiko dirishani, hakuna honi ya salamu.

Ukifanya kosa dogo, endelea. Mtahini hatakuambia alama njiani, na wengi wanaharibu dakika tano zinazofuata kwa kufikiria kosa lililopita. Kinachomaliza mtihani hapo hapo ni hatari ya kweli: kugonga, kupita nyekundu, kumlazimisha mwingine afunge breki, au yeye kulazimika kushika usukani.

---

BabaBaraka

Na akianguka anasubiri muda gani? Na akifaulu kadi anapewa siku hiyo hiyo?

---

Karani_wa_Zamani

Akianguka udereva anasubiri siku saba, ukiacha ile kozi fupi aliyoieleza mwalimu pale juu kwa jaribio la kwanza.

Akifaulu anapewa karatasi ya matokeo, anaipeleka kwa wakala wa leseni, analipa, anapigwa picha. Anatoka na karatasi ya muda inayodumu siku 45, kadi yenyewe inakuja kwa posta. Hapa tena anwani. Kama unaishi kwenye apatimenti hakikisha namba ya mlango imeandikwa, na jina lako liko kwenye sanduku la barua, la sivyo posta inairudisha. Karatasi ya muda itunze hadi kadi ifike, ila usiitegemee uwanja wa ndege.

Ukihama nyumba, ijulishe BMV ndani ya siku 10. Asiye raia anatakiwa pia kuijulisha ofisi ya uhamiaji ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11, na hizo ni ofisi mbili zisizoambiana.

---

Fundi_Gereji

Na bima kabla ya kugusa barabara peke yako. Kiwango cha chini Ohio ni dola 25,000 kwa majeraha ya mtu mmoja, 50,000 kwa ajali nzima, na 25,000 kwa mali ya watu. Hicho kinamlipa uliyemgonga. Gari lako halimo, kwa hiyo kama umelinunua kwa mkopo benki itakudai bima kubwa zaidi. Ukiwa bado na TIPIC, mwenye gari apige simu kwa kampuni yake aulize kama mwanafunzi anakingwa kabla hamjatoka kwenda kwenye ndoo zenu.